Mtu wa Kiti cha Pili: Historia Fupi ya Kocha Msaidizi



Kurasa za historia katika vijarida kama hiki huwa ni za waasisi: nani alianzisha shule, nani alikuwa mwenyekiti wa kwanza, nani alikata utepe. Ni haki yao. Lakini yeyote aliyewahi kuhudhuria vikao vya chama anajua kwamba pembeni ya mwenyekiti huwa kuna mtu anayeandika majina, anayepiga simu, anayekumbuka nani bado hajatoa na kwa sababu gani. Mtu huyo historia humsahau. Mwaka huu tumeona tumtazame mtu wa namna yake, na tumemkuta mbali kidogo: kwenye benchi la ufundi la timu za mpira wa wavu za vyuo vikuu vya Marekani. Kazi yake huko imeandikwa vizuri, nayo ina la kutuambia sisi tunaochangishana mwaka hadi mwaka huku tukijiuliza kazi hizi zitaendelezwa na nani.

Mpira wa wavu ulianzia mwaka 1895 katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts. William G. Morgan, mwalimu wa mazoezi katika YMCA ya hapo, alitafuta mchezo wa watu wazima usio na kugongana kama mpira wa kikapu. Uliingia Olimpiki mwaka 1964, mashindano yalipofanyika Tokyo. Huko Marekani chimbuko la wachezaji wengi ni vyuoni. Chuo humpa kijana ufadhili wa masomo, kijana huchezea chuo, na mashindano makubwa husimamiwa na chama kiitwacho NCAA.

Katika timu hizo kocha mkuu ndiye anayehojiwa na waandishi. Msaidizi ndiye anayezunguka kwenye mashindano ya vijana kusaka vipaji na kuzungumza na wazazi. Usiku hutazama video za wapinzani mpaka ajue mshambuliaji wao hupenda kupiga kona ipi. Mazoezini hupewa kundi lake, labda wapokeaji wa sevisi au wazuiaji wa wavuni. Mechi ikiwa inaendelea huandika takwimu na kumnong'oneza mkubwa wake alichokiona. Uamuzi si wake. Timu ikishinda, jina lake halitajwi sana. Ikifanya vibaya na kocha mkuu akaondolewa, mara nyingi na yeye hufungasha virago.

Malipo yake yana historia yake. Mwaka 1992 ilianza kutumika kanuni ya NCAA iliyoweka daraja la makocha wasaidizi ambao mapato yao yasingezidi dola 16,000 kwa mwaka. Sababu iliyotolewa ilikuwa kubana matumizi, ingawa kanuni haikuwagusa makocha wakuu kwa namna hiyo. Makocha wasaidizi wa mpira wa kikapu walikwenda mahakamani, wakashinda, na mwaka 1999 NCAA ikakubali kulipa dola milioni 54.5 kumaliza shauri hilo. Hata hivyo, katika michezo kadhaa, mpira wa wavu ukiwemo, ilibaki nafasi ya kocha wa kujitolea, aliyefanya kazi kama wenzake bila mshahara. Nafasi hiyo iliamuliwa kufutwa Januari 2023, na uamuzi ukaanza kutumika Julai mwaka huohuo. Kwa miaka mingi, basi, ngazi ya kwanza ya kazi hii ilikuwa rahisi kwa mwenye akiba au mwenye wazazi wa kumshika mkono. Wenye uwezo wa kufundisha lakini wasio na kitu mfukoni waliishia mlangoni.

Pamoja na hayo, kiti hicho kimetoa watu. Chukueni mfano wa Hugh McCutcheon, mzaliwa wa Christchurch, New Zealand. Alikwenda Marekani kucheza katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimbo la Utah. Alipomaliza kucheza, alirudi chuoni hapo kuwa msaidizi wa kocha Carl McGown, aliyekuwa akiijenga timu ya wanaume. Mwaka 1999 chuo kilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo kwa mara ya kwanza, na mwaka 2001 kikautwaa tena. Vikombe vyote viwili viliandikwa kwa jina la McGown, kama ilivyo desturi. McCutcheon alikuwa akijifunza kazi. Baadaye alifundisha klabu huko Vienna, Austria, kisha akarudi kuwa msaidizi tena, safari hii wa timu ya taifa ya wanaume ya Marekani chini ya Doug Beal, kocha aliyeipa nchi hiyo dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984. Mwaka 2005 akakabidhiwa timu yeye mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye timu ilikwenda Beijing. Tarehe 9 Agosti 2008, siku moja baada ya sherehe za ufunguzi, wakwe zake walishambuliwa kwa kisu walipokuwa wakitembelea jengo la kale la mjini humo. Baba mkwe aliuawa, mama mkwe akajeruhiwa vibaya. Mke wa McCutcheon, aliyekuwa amechezea timu ya taifa ya wanawake katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, alikuwa pamoja nao. Mechi ya kwanza ilikuwa kesho yake.

Kocha mkuu alibaki na familia yake, kama ilivyompasa. Timu ikaongozwa na msaidizi wake, Ron Larsen. Larsen hakuletwa kutoka nje siku hiyo. Alikuwa amefanya mazoezi na vijana wale, alijua mipango yote, na wachezaji walikuwa wameizoea sauti yake. Waliifunga Venezuela kwa seti 3 kwa 2, kisha Italia, kisha Bulgaria. McCutcheon aliporudi katika mechi ya nne, aliikuta timu haijapoteza hata mechi moja. Iliendelea hivyo hadi mwisho: robo fainali na nusu fainali zote zilikwenda seti tano, na katika fainali Brazil ikafungwa seti 3 kwa 1. Kwenye orodha ya washindi kocha wa timu ile ni McCutcheon, na ni sawa. Lakini ondoeni zile mechi tatu za mwanzo mwone kama dhahabu ingekuwepo.

Baada ya hapo McCutcheon alichukua timu ya taifa ya wanawake, na mwaka 2009 akampata msaidizi ambaye wengi walimshangaa. Karch Kiraly alikuwa na dhahabu mbili za Olimpiki za ukumbini, za mwaka 1984 na 1988, na ya tatu ya mpira wa wavu wa ufukweni ya mwaka 1996. Shirikisho la kimataifa lilikuwa limemtangaza, pamoja na Lorenzo Bernardi wa Italia, kuwa mchezaji bora wa wanaume wa karne ya 20. Mtu wa namna hiyo alikubali kiti cha pili, chini ya kocha ambaye hakuwa na hata nusu ya sifa zake uwanjani. Walipata fedha London mwaka 2012. McCutcheon akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Minnesota, Kiraly akarithi timu. Mwaka 2014 ilitwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, na mwaka 2021 katika Olimpiki ya Tokyo, ambako majirani zetu wa Kenya, Malkia Strikers, nao walishiriki, wanawake wa Marekani walipata dhahabu yao ya kwanza ya mchezo huu. McGown alikuwa amemlea McCutcheon, na McCutcheon akamwachia Kiraly timu aliyokwisha kuifahamu kwa miaka minne.

Sasa turudi kwetu. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Kwenye shule zetu, msimu wa UMISSETA ukikaribia, mwalimu wa hesabu au jiografia huchukua filimbi baada ya vipindi. Pembeni yake huwa kuna mwingine, pengine mhitimu wa shule hiyohiyo, anayefunga wavu, anayeokota mipira, anayewafundisha wadogo kupokea sevisi, na nauli anajitolea mwenyewe. Tunapopanga mchango wa michezo tumezoea kununua jezi na mipira, kwa sababu vinapendeza kwenye picha ya kukabidhi. Nauli na posho ya msaidizi havina picha. Ila mwalimu mkuu wa timu akihamishwa, na walimu wetu huhamishwa, mipira itabaki stoo kama hakuna mtu wa pili aliyeandaliwa.

Ndivyo ilivyo kwa kisima, zahanati na hata chama chenyewe. Kisima huwa na fundi mmoja anayeijua pampu. Daftari la michango huwa na mtu mmoja anayelielewa. Siku akipatwa na msiba au akihama, kazi ya miaka inasimama, na tunaanza kulaumiana.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mtakapojaza fomu ya ahadi mwaka huu, tunaomba mambo mawili. La kwanza, kubalini sehemu ya mchango wenu iende kwa watu wa kiti cha pili: mafunzo ya fundi msaidizi, nauli ya kocha msaidizi, posho ya anayejifunza kutunza hesabu. La pili, kama mna ujuzi na muda, jitokezeni kukaa kwenye kiti hicho, hata kama huko mliko mna vyeo vikubwa. Msione ni kushuka; Kiraly alikaa hapo akiwa na dhahabu tatu nyumbani kwake.