Madai ya mafao ya ulemavu: kwa nini wakili anapaswa kuendelea kusoma

Mvuvi aliyeajiriwa akipoteza mkono kwenye injini ya boti, au kibarua akianguka kutoka juu ya mchikichi, anaweza kuwa na haki ya kulipwa. Lakini dai linaweza kufa kwa kupelekwa mahali pasipohusika, au kwa kuchelewa. Makala hii ni kwa wakimbizi, waliorejea kutoka uhamishoni na wenyeji wa Kigwena na Rumonge.

Sheria inasema nini?

- Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014. Kifungu cha 28 kinahusu hifadhi ya jamii. Kifungu cha 13 kinazitaka nchi kuhimiza mafunzo kwa watu wanaofanya kazi ya utoaji haki.
- Sheria ya Burundi ya tarehe 10 Januari 2018 inalinda haki za watu wenye ulemavu.
- Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 24, unataka mkimbizi anayeishi nchini kihalali atendewe kama raia katika hifadhi ya jamii, ikiwemo ajali za kazini na ulemavu, ingawa una mipaka yake.

Wakili hujifunza nini?

Sheria hubadilika. Burundi ilipata sheria mpya ya hifadhi ya jamii mwaka 2020; aliyemaliza masomo kabla ya hapo lazima aisome upya. Nchini Kenya, wakili hutakiwa kupata alama 5 za mafunzo kila mwaka. Mafunzo mazuri humfundisha mambo manne:

1. Mahali pa kudai. Mfuko wa INSS huwahudumia walioandikishwa na kuchangiwa. Anayejitegemea bila kuchangia huenda akahitaji njia nyingine, kama kumdai aliyesababisha ajali.
2. Ushahidi wa daktari. Hati isitaje ugonjwa tu. Ieleze pia kazi ambazo mtu hawezi tena kuzifanya.
3. Muda. Kwa aliyeumia kazini Tanzania Bara, taarifa inapaswa kuufikia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya miezi 12. Anayejiandaa kurejea nyumbani aulize kabla ya kuvuka mpaka.
4. Kumsikiliza mteja. Kiziwi ana haki ya mkalimani wa lugha ya alama. Ndugu anaweza kusaidia, lakini asiamue kwa niaba yake.

Kabla ya kumwona wakili, andaa:

- kitambulisho, au hati ya ukimbizi au ya kurejea;
- karatasi zote za hospitali, hata za zamani;
- uthibitisho wa kazi: mkataba, karatasi ya mshahara au majina ya mashahidi;
- tarehe na mahali pa ajali.

Muulize: «Dai langu linapelekwa wapi, na mwisho wake ni lini?» Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili, mwombe akuelekeze kwa mwenzake. Toa nakala tu. Hati halisi baki nazo. Huduma za mashirika ya misaada ni bure. Ukiombwa pesa au kitu chochote ili upewe huduma hizo, usitoe, toa taarifa.