Namna ya kujinasua katika kabali ya kusimama

KATIKA jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezaji aliyepigwa kabali akiwa amesimama huwa na sekunde chache tu za kujiokoa. Kabali iliyokaza sawasawa hubana mishipa mikubwa ya damu iliyo pande mbili za shingo na kupunguza damu inayokwenda kwenye ubongo. Mtu huweza kupoteza fahamu kwa takriban sekunde 10, hata kama bado anavuta pumzi.

Mchezo huo ulitokana na judo iliyofundishwa nchini Brazil na Mjapani Mitsuyo Maeda, aliyefika huko mwaka 1914, kisha ukaendelezwa na familia ya Gracie.

Hatari ya kabali hiyo ilidhihirika Desemba 10, 2011 mjini Toronto, Canada, katika pambano la ubingwa wa UFC. Jon Jones wa Marekani alimkaba Lyoto Machida wa Brazil kwa mbele, wakiwa wamesimama kwenye uzio. Machida, ambaye ana mkanda mweusi wa jiu-jitsu, hakusalimu amri. Alipoachiwa, alianguka akiwa hana fahamu.

Kanuni ya kwanza ya kujihami ni kushughulikia mkono unaokaba, si kung'ang'ana kuchomoa kichwa. Aliyekabwa huinamisha kidevu kifuani, hushika kifundo cha mkono huo na kuuvuta chini ili apate upenyo.

Katika kabali ya mbele, kichwa huwa kimebanwa kwapani mwa mpinzani. Mkono wa pili hupitishwa juu ya bega lake lingine, kisha aliyekabwa hukunja magoti na kuzunguka kuelekea upande wa bega hilo. Mpinzani asiyeweza kumvuta juu hupoteza nguvu ya kukaza.

Katika kabali ya nyuma, ile inayojulikana mitaani kama roba, mikono yote miwili huvuta mkono unaokaba huku kiuno kikishushwa ili asipinduliwe nyuma. Kisha hugeuza kidevu kuelekea kwenye kiwiko cha mpinzani na kujizungusha wakabiliane. Yote hayo hufanyika kabla mkono wa pili wa mpinzani haujafika kisogoni, kwani ndio unaofunga kabali.

Ukishafika huko, kinachobaki mazoezini ni kumpigapiga mwenzake kwa kiganja. Ishara hiyo humtaka aachie mara moja, na kuitoa mapema si aibu.