Darasa Lililozaliwa Usiku New Britain

Kiangazi cha mwaka 1946, mjini New Britain katika jimbo la Connecticut, Marekani, mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake waliendesha mafunzo ya kupambana na ubaguzi wa rangi na dini. Mchana washiriki, wengi wao walimu na wafanyakazi wa ustawi wa jamii, walijadiliana kwa vikundi. Usiku watafiti walikutana faragha kulinganisha waliyoyaona. Baadhi ya washiriki wakaomba kusikiliza. Lewin akakubali, na haikuchukua muda waliokuwa wakielezwa tabia zao wakaanza kupinga, kusahihisha na kukumbushana. Kikao cha wataalamu kikageuka darasa. Mwaka uliofuata, Lewin akiwa amekwisha kufariki, wenzake waliuendeleza mtindo huo Bethel, Maine. Chicago nako, mwanasaikolojia Carl Rogers alikuwa akiwaandaa washauri wa askari waliorudi kutoka vitani. Aliona mihadhara haitoshi, akawakutanisha kwa vikundi saa kadhaa kila siku ili wajielewe kabla ya kuwasikiliza wengine.

Leo mshauri nasaha mwanafunzi anapoketishwa kwenye duara, wengi hudhani faida iko katika kumwaga siri. Chanzo chenyewe kinakataa. Usiku ule wa New Britain hakuna aliyelazimishwa kusimulia utoto wake. Kilichofundisha ni mtu kusikia jinsi anavyoonekana na wenzake, kisha kuwa na haki ya kujibu. Hilo ndilo jambo ambalo mteja atamdai mshauri kila siku, na kitabuni halipatikani.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Utafiti wa Lieberman, Yalom na Miles uliochapishwa mwaka 1973, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 200 wa Chuo Kikuu cha Stanford walioshiriki vikundi vya namna hii, ulionyesha kwamba baadhi yao waliumia kisaikolojia, hasa chini ya viongozi wenye ushawishi mkubwa waliowashambulia na kuwasukuma wajifunue. Lakini ushahidi huo unamhukumu kiongozi anayelazimisha, si duara. Pingamizi gumu zaidi ni la alama: nani atasema ukweli mbele ya mhadhiri atakayemfaulisha au kumfelisha? Hapo wapinzani wana haki kabisa. Anayeongoza kikundi asiwe anayesahihisha mitihani, na mwanafunzi apimwe kwa anavyosikiliza na kupokea mrejesho, si kwa wingi wa aliyoyafichua. Vyuo vinavyolalamika kwamba mpango huo unahitaji mkufunzi wa ziada vinasema kweli. Gharama hiyo ilipwe.