Asili ya Bluetooth na Tatizo la "Bwana na Mtumwa"

Siku moja, katika somo la kuwaeleza wanafunzi wa mwaka wa mwisho namna ya kuunganisha kompyuta mbili za nyumbani bila waya, tulitafsiri kwa haraka maelezo ya kitabu cha zamani cha mafundi. Kitabu kilisema kwamba katika mtandao wa Bluetooth chombo kimoja huitwa bwana, na vile vingine huitwa watumwa. Tukayaandika maneno hayo ubaoni kama yalivyo. Mwanafunzi mmoja, ambaye ukoo wao ni wa Kasongo, akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, huyu mtumwa alinunuliwa wapi?" Darasa likacheka. Sisi hatukucheka sana, maana hatukuwa na jibu.

Makala haya yametokana na swali hilo. Ili kulijibu ipasavyo hatuna budi kuanza mbali kidogo, na kueleza chombo chenyewe kilitoka wapi, kilipataje jina lake la ajabu, na kwa nini ndani yake pawe na mmoja wa kuongoza.

Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtu aliyekuwa na kompyuta mbili nyumbani alikuwa na njia chache za kuhamisha maandishi kutoka moja kwenda nyingine. Aliweza kuyaweka katika diski na kuibeba mkononi, au kununua waya maalumu wa kuunganisha matundu ya nyuma ya mashine zote mbili. Baadaye kidogo aliweza pia kutumia ule mwanga usioonekana kwa macho ambao hutumiwa na rimoti za televisheni. Lakini mwanga huo ulitaka mashine zitazamane uso kwa uso, zisiachane zaidi ya mita moja hivi; na mtoto akipita katikati, mazungumzo yalikatika.

Dawa ya shida hiyo ilitoka katika simu, wala si katika kompyuta. Mwaka 1989, katika mji wa Lund kusini mwa Uswidi, Nils Rydbeck, mkuu wa ufundi wa simu za mkononi katika kampuni ya Ericsson, alianzisha uchunguzi wa redio ndogo ya masafa mafupi. Shabaha yake ilikuwa kupata vifaa vya masikioni visivyo na waya. Kazi ya kuiunda redio hiyo ilishika kasi kuanzia mwaka 1994, mikononi mwa wahandisi Jaap Haartsen, Mholanzi, na Sven Mattisson, Mswidi. Redio ilitakiwa iwe ndogo, iwe rahisi kwa bei, na itumie nguvu kidogo sana ya betri.

Swali la kwanza lilikuwa mahali pa kusemea. Mawimbi ya redio, kama mashamba, yana wenyewe: polisi wana yao, ndege zina zake, na vituo vya utangazaji hulipia yao. Hata hivyo, mwaka 1985 serikali ya Marekani ilikuwa imefungua sehemu fulani za mawimbi zitumiwe na mtu yeyote bila leseni, kwa sharti la kutumia nguvu ndogo na kuitawanya ishara isikae mahali pamoja. Sehemu moja kati ya hizo, inayoanzia megahezi 2400, ndiyo ile ile ambamo majiko ya mikrowevu huchemsha chakula. Ni kama uwanja wa sokoni: kuingia ni bure, lakini kelele haziishi.

Njia ya kusikilizana katika kelele hizo ni kurukaruka. Redio ya Bluetooth iliyoundwa Lund huigawa sehemu hiyo katika njia 79, kisha huruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1600 kwa sekunde. Njia moja ikiwa na fujo, neno lililopotea hurudiwa katika njia nyingine punde si punde. Wazo lenyewe la kuruka lilikuwa la zamani. Mwaka 1942 mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza huko Marekani ya kuongoza makombora ya baharini kwa redio irukayo katika masafa 88, idadi sawa na vibao vya piano. Wako wasemao kuwa Bluetooth ilitokana moja kwa moja na hataza ile. Sisi hatufiki huko. Twaona yatosha kusema kwamba wazo lilikuwako, na wengi wamelipitia.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Vyombo viwili vinavyorukaruka haviwezi kusikilizana ila viruke pamoja, kwa mpangilio mmoja na kwa saa moja. Saa ya nani? Lazima mmoja akubaliwe kuwa mshika mapigo, na wengine wafuatishe. Mkusanyiko huo mdogo una chombo kimoja kinachoongoza na vingine vinavyofuata, visivyozidi saba kwa wakati mmoja. Idadi hiyo ya saba haikutoka katika ushirikina wala katika vitabu vitakatifu: namba ya kila mfuasi iliandikwa kwa tarakimu tatu za sifuri na moja, ambazo hutoa namba nane tu, na namba ya sifuri ikawekwa kando kwa tangazo la wote. Mfuasi hasemi mpaka aitwe, wala wafuasi wawili hawasemezani wenyewe kwa wenyewe. Maneno yao hupitia kwa kiongozi. Mafundi wakamwita kiongozi huyo bwana, na waliobaki wakawaita watumwa. Lugha hiyo walikuwa wameizoea katika mitambo mingine mingi tangu zamani.

Kabla hatujafika katika maneno hayo, tutazame jina la chombo chenyewe, maana nalo lina funzo kwa watu wa lugha. Kufikia mwaka 1996 kampuni tatu zilikuwa zikishughulikia redio za namna moja, kila moja kwa jina lake. Ericsson ya Uswidi iliita yake MC-Link, Intel ya Marekani iliita Business-RF, na Nokia ya Ufini iliita Low Power RF. Ilikuwa dhahiri kwamba kila mmoja akiendelea peke yake, simu ya huyu haitasikilizana na kompyuta ya yule. Zikakubaliana kuungana. Jim Kardach wa Intel alikuwa amesimuliwa na Mattisson, walipokuwa pamoja Toronto, habari za riwaya ya Kiswidi ihusuyo watu wa kale wa kaskazini. Baadaye akasoma historia yao, na humo akakutana na Mfalme Harald wa Denmaki, aliyetawala katika karne ya 10 na kuitwa kwa jina la utani Blåtand, yaani Jino la Buluu. Husemwa alikuwa na jino bovu lililogeuka rangi, lakini hakuna aliyewahi kulithibitisha.

Mfalme huyo alisimamisha katika kijiji cha Jelling jiwe kubwa lenye maandishi ya kale, kwa ukumbusho wa baba yake Gorm na mama yake Thyra. Katika jiwe hilo alijitaja kuwa ndiye aliyejipatia Denmaki yote na Norwe. Kardach akaona mfano unafaa: kama Harald alivyounganisha nchi zilizotengana, ndivyo redio hii itakavyounganisha simu na kompyuta. Akalipendekeza jina hilo liwe la muda tu, mpaka wenye biashara wapate lililo zuri zaidi. Majina mawili yalipendekezwa, RadioWire na PAN. PAN likapendelewa, lakini likaonekana limekwisha kutumiwa mahali pengi mno. Na RadioWire halikuwa limechunguzwa vya kutosha kisheria. Siku ya kutangaza ikawadia, na la muda likabaki. Mwezi wa Mei 1998 Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba zilitangaza umoja wao chini ya jina la mfalme aliyekufa miaka elfu moja kabla yao. Alama ya Bluetooth tunayoiona katika simu zetu ni herufi zake mbili za mwanzo, H na B, zilizoandikwa kwa hati ya kale ya Kaskazini na kufumwa pamoja.

Turudi nyumbani. Toleo la kwanza la kanuni za Bluetooth lilitoka mwaka 1999, nalo lilikuwa na kasoro nyingi. Vyombo vya viwanda tofauti mara nyingi vilikataana. Toleo la 1.1 la mwaka 2001 lilitengeneza mengi. Mpango maalumu wa kuzifanya kompyuta ziwe mtandao kamili kwa Bluetooth, zikipelekeana habari kama kwamba zina waya kati yao, ulikamilishwa mnamo mwaka 2003. Hapo mwenye nyumba aliweza kuwasha redio katika kompyuta zote mbili, kuiruhusu moja ionekane, kuitafuta kwa ile nyingine, na kuandika namba ya siri iliyo sawa pande zote mbili. Kisha kompyuta iliyokuwa na intaneti iliigawia mwenzake. Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2007, kuandika namba ya siri si lazima tena. Mara nyingi mashine zenyewe huonyesha namba ya tarakimu sita, na mtu huthibitisha tu kwamba zinalingana.

Yafaa kusema kweli kwamba mtandao huu wa nyumbani haukutawala. Redio ile ya kwanza haikuweza kupitisha zaidi ya kilobiti 723 kwa sekunde upande mmoja, na hata toleo la mwaka 2004 liliongeza mara tatu tu. Kwa kasi ya mwanzo, kuhamisha yaliyomo katika diski moja ya muziki kungechukua zaidi ya saa mbili. Wi-Fi, iliyokuwako tangu miaka ile ile, ilikuwa na kasi kubwa zaidi na ilifika mbali zaidi ya zile mita 10 za kawaida. Kompyuta zikaenda kwa Wi-Fi. Bluetooth ikabaki na vifaa vya masikioni, kibodi na spika. Kwetu sisi ilipata kazi nyingine ambayo wahandisi wa Lund hawakuifikiria sana. Vijana wasio na fedha za kununua intaneti walipelekeana nyimbo na picha kutoka simu hadi simu, na Kiswahili kikatoa neno lake bila kamati wala semina: "Nirushie." Hatujaona istilahi iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa yale maneno mawili. Mtu aweza kuyatetea. Neno mtumwa, kwa asili yake, latokana na kitenzi kutuma. Ni yule aliyetumwa, na ni ndugu wa mtume na mtumishi. Bwana nalo tunalitumia kwa heshima kila siku: bwana harusi, bwana shamba, Bwana Fulani. Lakini maneno hayaishi katika kamusi peke yake. Kiswahili kilifika huku magharibi ya Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka pwani ikipita Tabora na Ujiji, ikitafuta pembe za ndovu na watu. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, ambaye mwenyewe aliacha habari za maisha yake kwa lugha hii tunayoifundisha. Kwa hiyo bwana na mtumwa yalikuwa miongoni mwa maneno ya Kiswahili ambayo babu wa mwanafunzi wetu waliyasikia mapema, na hawakuyasikia kama mifano ya ufundi.

Tena, na hili ndilo lililotushinda kulitetea, mfano wenyewe si wa kweli. Katika Bluetooth kiongozi hammiliki mfuasi; anamshikia mapigo tu. Vyombo viwili vyaweza kubadilishana nafasi mazungumzo yakiendelea, aliyefuata akaongoza na aliyeongoza akafuata. Tena chombo kimoja chaweza kuongoza mkusanyiko huu na papo hapo kikawa mfuasi katika mkusanyiko wa jirani. Ni mtumwa gani wa Nyangwe aliyepata kubadilishana nafasi na bwana wake kati ya pumzi moja na nyingine? Wenye kanuni wenyewe walitambua ubaya wa maneno yale, na katika toleo la 5.3 la mwezi wa Julai 2021 wakayaondoa, wakaweka maneno yenye maana ya kilicho katikati na kilicho pembeni.

Hata hayo mapya sisi hatuyatamani sana kwa Kiswahili. Pembeni ni mahali pa kitu kilichosukumwa, na kifaa cha masikioni hakijasukumwa. Kinangoja zamu yake. Pendekezo letu ni kiongozi na waitikiaji, kama katika nyimbo za ngoma na za kulima, ambamo mmoja hutoa sauti, wengine huitikia aitapo, na akichoka mwingine huipokea. Tunaliweka mbele ya walimu wenzetu walijaribu darasani na kulikosoa. Kwa neno la kuviunganisha vyombo viwili kwa mara ya kwanza, ambalo wengi hulitafsiri kuoanisha, bado tunatafuta, kwa kuwa kila tulitajapo somo husimama kwa vicheko.

Juma lililofuata tulifuta yale ya kwanza, tukaandika kiongozi na mwitikiaji. Yule mwanafunzi aliyasoma, akauliza kama mwitikiaji naye aweza kuwa kiongozi. Tukamweleza kwamba kwa kawaida aanzaye kuita ndiye ashikaye uongozi. Basi tukaukata muungano wa zile kompyuta mbili zilizokuwa mezani, tukamwita aje auanzishe upya kutoka ile ya pili.