Nguo Ndani ya Makumbusho: Kuipanga Nayo ni Sanaa

Wadau wa Tunduma na Songwe nzima, leo tuongelee maonyesho ya mavazi kwenye makumbusho ya sanaa. Siyo yale ya jukwaani kama Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa Dar mwaka 2008 na Mustafa Hassanali. Huku hakuna modo anayepita. Nguo imesimama, wewe ndo unaizunguka. Shida ni kwamba nguo ilishonwa ili ivaliwe na mtu, na mtu hayupo. Anayepanga maonyesho lazima alizibe hilo pengo, na hapo ndipo mimi naiita kazi yake sanaa.

Cheki Savage Beauty, maonyesho ya nguo za Alexander McQueen kwenye makumbusho ya Metropolitan, New York, mwaka 2011. Jamaa alikuwa ameshafariki mwaka 2010. Andrew Bolton alisimamia, Sam Gainsbury na Joseph Bennett wakabuni vyumba, Guido Palau akatengeneza vifuniko vya vichwa vya midoli. Kwa nini uzibe sura ya mdoli? Naona kwa sababu macho ya binadamu hukimbilia sura kwanza, nguo baadaye. Waliingia watu 661,509!

Halafu kuna taa. Mwanga mkali unapausha kitambaa, ndo maana makumbusho huushusha mpaka kama lux 50 kwa nguo za zamani. Ukiingia unaona kagiza, usidhani umeme umekatika. Mpangaji mjanja analitumia giza hilohilo kukuvuta pale anapotaka utazame.

Afrika nayo imo. Kuanzia Julai 2022 hadi Aprili 2023, makumbusho ya V&A, London, yalionyesha Africa Fashion chini ya Christine Checinska: vitu zaidi ya 250, zikiwemo kazi za Kofi Ansah wa Ghana na Chris Seydou wa Mali. Kabla ya hapo, mwaka 2013, British Museum ilionyesha vitambaa vya Afrika, kanga zetu zikiwemo.

Sasa kanga ndo mtihani wenyewe. Ina pindo, mji na jina, na inauzwa doti, yaani vipande viwili. Ukitundika kipande kimoja ukutani kama picha, jina linasomeka safi, lakini nusu ya vazi haipo. Ukimfunga mdoli, vazi limekamilika ila jina limejikunja, halisomeki. Tena jina la kanga huwa lina mlengwa: jirani, mke mwenza, mume. Ukutani linamsema nani? Asiyewahi kuishi na kanga hawezi hata kujiuliza swali hilo, na yeye akipanga peke yake, wageni wataondoka wakidhani wameona kitambaa chenye maandishi tu.

Wauza vitenge wa hapa mpakani wanalijua hili kwa vitendo. Kipi kining'inie mlangoni, kipi avalishwe mdoli, kipi kikunjwe ua likae juu, yote hayo ni maamuzi.

Mimi ningepewa chumba kimoja Tunduma ningeweka doti tatu tu. Ya kwanza imetandazwa, jina likae usawa wa macho. Ya pili amefungwa mdoli, kiunoni na kichwani. Ya tatu kuukuu, imepauka kwa kubebea mtoto, na taa ya chumba ningeielekeza hapo.