Kabla ya Pointi Kulikuwa na Meza

Hadi 1967, Mkenya aliyetaka digrii ya udaktari bila kuvuka bahari alielekea Kampala, kwenye shule ya udaktari ya Makerere iliyoanzia Mulago mwaka 1924. Ndipo Nairobi ikafungua yake, ikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Lakini ukiniuliza mimi, historia yetu ya Ukambani haiko huko. Iko kwa manesi na matabibu. Mafunzo yao ya serikali yalianza Nairobi mwaka 1927, na leo chuo hicho, KMTC, kina kampasi Kitui, Makueni na Makindu. Mtu wa Mutomo au Kathonzweni akisema ameenda kwa daktari, mara nyingi anamaanisha hao.

Na hao waliingia kwa intavyu.

Susu, nyanya yangu, aliitwa 1970. Makueni haikuwa wilaya bado, ilikatwa kutoka Machakos 1992, kwa hivyo alitoka Wote hadi Machakos mjini na kulala kwa mtu wa kanisa. Asubuhi akakuta watu watatu nyuma ya meza. Maswali ya Kiingereza aliyapita. Halafu mmoja akabadilisha lugha: chukulia mimi ni mzee wa Mbooni, niambie kwa Kikamba kwamba mguu wangu lazima ukatwe.

Susu anasema alinyamaza kwanza. Kisha akamuuliza mzee anaishi na nani nyumbani, na kama mwanawe mkubwa anaweza kuitwa. Mguu hakuutaja kabisa. Alichukuliwa.

Sasa usidhani nawapigia debe wazee wa meza. Meza ni mahali pazuri sana pa kujuana. Aliye na mjomba ofisini huingia na jina lake limeshatajwa, na msichana wa Kyuso anaweza kutolewa kwenye shindano na nauli tu, kabla hajaulizwa chochote.

Digrii zilienda njia ya pointi: JAB kwanza, halafu KUCCPS baada ya sheria ya 2012. Miaka ya karibuni hata nafasi za KMTC zimepitia huko. Una C yako, una Biolojia na lugha, unachagua kozi kwa simu, unangoja. Binamu yangu alifanya hivyo akiwa chini ya mwembe Kitui, bila kutumia hata shilingi ya matatu. Na hakuna mtu aliyemtazama machoni.

Kwingine wamerudi mezani. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha mtindo wao wa intavyu ambapo mwombaji huzunguka vituo vifupi vingi, kila kimoja na mtahini wake na tatizo lake. Ukivurunda kimoja, kingine kinakupa nafasi mpya, na mjomba mmoja hawezi kukubeba vyote. Nilipomweleza Susu alicheka: "Kwani wamefika leo?"

Mimi ningeacha pointi zichuje, kisha vituo hivyo viletwe Wote, Kitui na Mwingi, angalau kimoja kwa Kikamba, alama zibandikwe ukutani kila mtu azione. Ni gharama, ndiyo. Lakini tayari tunalipa kwa njia nyingine, wodini.

Binamu yuko mwaka wa pili. Juzi aliniuliza unamwambiaje mama mzee kwa Kikamba kwamba ana saratani. Nikamwambia ampigie Susu.