Kinanda Nacho Kilikuwa Ngoma

Kuna ubishi mmoja ambao hauishi makanisani kwetu. Utaukuta Dar es Salaam, utaukuta Ifakara, na ukipanda na bonde lote la Kilombero hadi Mlimba, utaukuta kwaya ikitoka mazoezini. Kijana atasema, "Kinanda cha Wazungu bwana, chetu ni ngoma." Mzee atamjibu, "Ngoma ni ya kipagani, cha kanisani ni kinanda." Wanabishana, lakini wanakubaliana jambo moja bila kujua: kwamba kinanda kilizaliwa kanisani. Hapo ndipo wanapokosea wote wawili.

Hebu tuanze na jina. Kwa watu wa kale wa pwani, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, cha kukumbatia na kuimbia. Baadaye jina likahamia kwenye sanduku la kukanyaga la misheni, na leo limetua kwenye kinanda cha umeme. Lakini babu yao vinanda vya kanisani ni kinanda cha mabomba. Bomba hapa ni mrija, siyo "bomba" ya vijiweni, ingawa ukikisikia kikilia unaweza kusema vyote viwili.

Kazi yake si ya ajabu sana. Upepo unasukumwa ndani ya sanduku na kubanwa humo. Mpigaji akibonyeza kibao, mlango mdogo unafunguka, hewa inapita kwenye bomba lake, bomba linalia. Refu linatoa sauti nzito, fupi linatoa nyembamba. Kwa ufupi ni zumari nyingi zilizopangwa safu na kupewa pafu moja lisilochoka.

Na aliyekibuni wa kwanza? Ni fundi Ctesibius wa Aleksandria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Alitumia uzito wa maji kuubana upepo usiyumbe. Aleksandria ilikuwa chini ya Wagiriki, ni kweli, lakini iko Misri, na Misri ni Afrika hiihii. Kilipoenea katika dola ya Kirumi, kinanda kilipigwa kwenye karamu na kwenye viwanja vya michezo. Kule Zliten, Libya, imehifadhika picha ya vijiwe kutoka enzi za Warumi: watu wanapigana kwa silaha, na pembeni mpigaji yuko kwenye kinanda chake. Damu inamwagika, muziki unaendelea.

Sasa utaelewa kwa nini Wakristo wa kwanza hawakutaka kusikia habari zake. Mwalimu Klementi, aliyefundisha katika mji uleule wa Aleksandria mwishoni mwa karne ya 2, aliwaonya waumini wajihadhari na zumari, ngoma na matoazi ya karamu za kipagani. Ikabidi kinanda kizunguke kwanza kwenye majumba ya wafalme. Mwaka 757 Kaisari wa Konstantinopoli alimpelekea kimoja Pepin, mfalme wa Wafranki, kama zawadi ya kifalme. Baada ya hapo ndipo kikaingia taratibu kwenye monasteri na makanisa ya Ulaya. Tangu Ctesibius hadi zawadi ile ni miaka kama elfu moja! Chombo cha kipagani kilisubiri nje ya mlango wa kanisa muda wote huo, ndipo kikabatizwa.

Haya, turudi bondeni. Mwaka 1902 wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, kwenye milima inayotazama bonde la Kilombero. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Novemba 1903, Papa Pius wa 10 alitoa waraka kuhusu muziki wa kanisa. Kinanda cha mabomba kiliruhusiwa. Piano ilikatazwa, na pamoja nayo vyombo vya makelele au vya mzaha, ngoma ikitajwa kwa jina. Papa hakuwa anaifikiria Mahenge. Alikuwa anapigana na muziki wa jukwaani uliokuwa umejaa makanisani Italia. Lakini sheria ilisafiri na meli, ikafika hadi huku, ambako ngoma si chombo tu. Ngoma ni dansi, ni jando na unyago, ni tiba, ni tambiko. Kwa kuikataa ngoma, ulikuwa umekataa nusu ya maisha ya watu. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji waliishambulia boma ya Wajerumani pale Mahenge. Baada ya vita ile, nani tena angeitetea ngoma mbele ya padri?

Wabenediktini waliondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1921 wakaja Wakapuchini wa Uswisi. Lakini kinanda cha mabomba si mzigo wa kubebwa kichwani. Mbao zake huvimba kwa unyevu, ngozi za mivukuto huoza, gundi huachia, na mchwa hawaheshimu kitu kitakatifu. Daktari Albert Schweitzer, mpigaji mashuhuri wa Bach, alipokwenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, hakuchukua kinanda cha mabomba. Alichukua piano iliyoundwa kwa ajili ya nchi za joto, ikiwa na kanyagio kama za kinanda.

Kilichozoeleka katika misheni zetu ni mdogo wake, kinanda cha kukanyaga, ambacho Debain alikisajili Paris mwaka 1842. Hakina mabomba, miguu inavuta upepo, upepo unatikisa vipande vyembamba vya shaba. Kinaingia kwenye sanduku, kinapandishwa mtumbwi, kinavuka mto.

Aliyeugusa ubishi wenyewe kwa kalamu ni mtu wa hapahapa. Padri Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959, yenye mahadhi ya Kiafrika. Kisha akafanya jambo ambalo sisi wapenda makelele tungelipuuza: akakaa chini na kusoma sheria za Kanisa kuhusu muziki, moja baada ya nyingine, akazipima na muziki wa Kibantu. Kitabu chake kilichapishwa Uswisi mwaka 1963. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikiheshimu kinanda cha mabomba, lakini ukaruhusu pia vyombo vingine vinavyofaa ibada, na ukataka muziki wa mataifa yaliyofikiwa na misheni upewe nafasi yake. Mlango ulifunguka.

Mwaka 1971 reli ya TAZARA ikafika Mlimba, kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea Makambako. Ikaleta watu wa kila kabila, kila mmoja na mapigo yake.

Wenzangu wa kalamu, ubishi huu mnaujua kwa jina lingine: shairi la vina na mizani dhidi ya shairi huru, lipi letu, lipi la kigeni. Kabla hujachagua upande, uliza kwanza chombo kilipita wapi, na nani aliambiwa anyamaze ili kisikike.

Na kuna kazi isiyoweza kungoja. Majina ya Ctesibius na Debain yamo vitabuni. Mwalimu wa shule ya misheni aliyekanyaga kinanda kila Jumapili, akafundisha sauti nne kwa watu waliokuja na jembe begani, jina lake limo kichwani mwa mzee fulani tu. Ukienda likizo, beba daftari. Muulize kinanda kilifika lini, kilibebwa na nani, na siku ngoma ilipoingia kanisani kwa mara ya kwanza, nani alitoka nje.